Plastiki Iliyopitisha Zaidi ya Joto

Mwaka ule tulikuwa watu ishirini na mmoja kiwandani kwetu Joinville, na hakuna aliyekuwa hajui kwamba kiwanda kinakata roho. Tulitengeneza ndoo na viti vya bustani. Viti kama vyetu vilikuwa vinashushwa bandarini kwa makontena, vyepesi zaidi na vya rangi nzuri zaidi, na mashine zetu mbili kati ya tano zilikuwa zimefunikwa maturubai tangu Pasaka. Mzee Egon, mwenye kiwanda, alikuwa akizunguka kila asubuhi mikono nyuma, anasalimia kila mtu kwa jina, kisha anaingia ofisini na kufunga mlango.

Mimi ni Valmor. Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kazi pale, naendesha mashine ya kuchanganya. Unamimina punje za plastiki juu, zinayeyuka, unaongeza unachotaka kuongeza, na upande wa pili zinatoka nyuzi kama tambi, zinapozwa kwenye maji na kukatwa punje upya. Kwa miaka kumi na nane nilichoongeza kilikuwa rangi. Mwaka wa kumi na tisa Noeli aliniletea gunia la unga mweusi.

Noeli ndiye mwanamke aliyekuwa fundi wetu wa maabara. Alikuwa na miaka arobaini na saba, anaishi na mama yake mtaa wa nyuma ya kanisa, na maabara yake ilikuwa chumba ambacho zamani wanawake walibadilishia nguo. Makabati ya chuma bado yalikuwepo, yana majina ya watu waliokwisha kustaafu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akicheka aliziba mdomo kwa kiganja, kana kwamba kicheko ni kitu cha kuomba ruhusa.

Kazi ilikuja kupitia Ademar, muuza vifaa vya mabanda ya kuku kule magharibi ya jimbo. Wafugaji walikuwa wanalalamika kuhusu taa za LED. Taa hizo zinaharibiwa na joto zinalolitoa zenyewe. Lisipopata pa kutokea, taa inafifia na kufa. Kwa hiyo mwili wa taa hutengenezwa kwa alumini, inayonyonya joto na kulitoa nje. Lakini banda la kuku lina amonia ya mavi, na amonia inaila alumini mpaka inatoa ukoga mweupe kama mkate uliosahaulika. Plastiki hailiwi. Ila plastiki inashika joto ndani kama blanketi. Ademar alitaka taa ya plastiki isiyovunda na inayopitisha joto. Nyuzi joto sabini na tano, alisema. Ikizidi hapo asiletewe.

Unga wa Noeli ulikuwa kinywe, madini yaleyale wanayotengenezea penseli. Kinywe kinapitisha joto vizuri sana. Tukichanganya cha kutosha, alisema, vipande vyake vitagusana ndani ya plastiki, na joto litapata njia.

Tulianza mwezi wa tano. Unga ule uliingia kila mahali. Ukipenga kamasi, nyeusi. Ukioga, maji yanateremka meusi. Juarez wa mashine ya kalibu hakunipa nafasi.

"Valmor, leo umemzika nani?"

"Nimekuzika wewe, ila ulinuka nikakufukua."

"Mkeo anakujuaje usiku? Si anashika mto akidhani ni wewe?"

"Mke wangu ananijua kwa harufu ya kazi. Wako atakujua kwa nini, wewe?"

Tulicheka, lakini vipimo havikuchekesha. Plastiki tupu ilifika nyuzi mia na kumi na mbili. Tukatia kinywe asilimia ishirini: tisini na tatu. Tukatia arobaini: sabini na nane, na mwili wa taa ukawa unavunjika kama biskuti ukiudondosha sakafuni. Noeli alikuwa anaokota vipande na kuvipanga mezani, anaviangalia kwa kioo cha kukuzia mpaka chai inapoa.

Mwezi wa nane akaleta kopo dogo lenye kitu kama masizi. Ni mirija ya kaboni, alinieleza, midogo kiasi kwamba jicho halitaiona kamwe. Vipande vya kinywe ni kama visiwa. Mirija hii itakuwa madaraja. Tulipunguza kinywe kidogo ili taa isivunjike, tukaongeza kijiko cha masizi yale. Nilivaa barakoa mbili. Nyuzi zilitoka laini, zinang'aa, kama nywele zilizopakwa mafuta.

Nyuzi joto sabini na moja.

Mzee Egon alitoka ofisini mbio. Sikuwahi kumwona anakimbia. Alimkumbatia Noeli, akanikumbatia mimi na weusi wangu wote, shati lake jeupe likaisha. Jumamosi ile alichoma nyama uani, mke wake akaleta keki ya ndizi sinia mbili, na Juarez akaimba mpaka jirani akaja kulalamika akapewa mbavu akatulia.

Jumatatu Noeli alituita maabara, Mzee Egon, Juarez na mimi. Taa ilikuwa mezani. Alichukua mita ya umeme, akagusisha ncha moja upande huu wa taa na nyingine upande ule. Mita ikalia.

"Inalia nini?" Juarez aliuliza.

"Umeme unapita."

"Kwenye plastiki?"

"Kinywe si plastiki, Juarez. Vipande vyote humo ndani vimeshikana, kutoka huku mpaka kule. Ndiyo njia ya joto. Na umeme unaipita hiyohiyo."

Mzee Egon alikuwa anatabasamu bado, tabasamu la Jumamosi. "Sasa dawa yake?"

Dawa alikuwa ameshaijaribu. Alikuwa ameweka utando wa plastiki nyeupe tupu ndani ya mwili wa taa, kuzuia umeme usifike kwenye weusi. Umeme ulizuiwa kabisa. Joto nalo likazuiwa.

"Sabini na tisa," alisema.

Wakati ule mvua ilikuwa inapiga bati, kama ilivyo Joinville siku zote, na nakumbuka nilifurahi kwamba kuna kelele.

"Ngoja kwanza," Mzee Egon alisema. "Vile vidude vya mwanga, kibao chake si kina kizuizi chake tayari? Si kimetoka nacho kiwandani?"

"Kinacho. Chembamba kama karatasi."

"Lakini kinacho."

"Kinacho mpaka siku kitakapoliwa. Ni banda la kuku, Mzee. Kuna amonia, kuna maji."

"Kuna mpira wa kuziba."

"Mpira unazeeka."

Siku tatu baadaye nilipeleka karatasi ya sampuli ofisini kusainiwa, nikawakuta wote wawili mbele ya kompyuta. Noeli alikuwa ameandika maelezo ya taa kwa ajili ya Ademar. Kulikuwa na sentensi moja Mzee Egon alikuwa ameigandishia kidole: Mwili wa taa lazima uunganishwe na waya wa ardhini. Huo ni waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, usimrushe mtu.

"Mtu ananunua plastiki ili asihangaike na waya huo," alisema. "Ukimwandikia hivi atauliza, humo ndani kuna nini?"

"Ndicho ninachotaka aulize."

"Hatauliza, Noeli. Ataondoka. Atachukua ya mwingine." Hakuwa amepandisha sauti. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nyuma ya ukuta huo kuna watu. Baba yangu aliwaajiri baba zao. Nikawaambie nini?"

Noeli alinigeukia. "Valmor, wewe unasemaje?"

Ningeweza kusema lolote. Nilikuwa nimeisikia ile mita ikilia kwa masikio yangu.

"Mimi naendesha mashine tu, dada."

Aliniangalia kidogo, kisha akaigeukia kompyuta. Akafuta sentensi ile herufi moja moja, kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mzee Egon akamshika bega, akasema asante. Noeli alichukua mwavuli wake akaenda nyumbani, na ilikuwa saa nane mchana.

Tulitengeneza taa mia nne na thelathini. Turubai likavuliwa kwenye mashine moja, halafu ya pili. Krismasi tulipewa kila mtu kikapu. Ademar alipiga simu kusema wafugaji wanazisifu, kuku wametulia, taa haijafa hata moja. Noeli alizipokea salamu hizo bila kuinua macho. Alikuwa ameagiza unga mwingine, mweupe, usio wa kaboni, unaopitisha joto na kuzuia umeme. Alitaka kuuchanganya kwenye ule utando wa ndani. Mzee Egon alimwambia hakuna haraka. Noeli alibaki baada ya kazi akaendelea nao peke yake.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu Ademar alipiga simu tena. Mzee Egon alinifuata mwenyewe kwenye mashine, akaniashiria nizime.

"Taa imemrusha mtu," alisema.

Mfugaji anaitwa Darci Tonello, miaka sitini na moja. Kuku walikuwa wameshachukuliwa kwenda machinjioni na yeye alikuwa anaosha banda kabla ya kupokea vifaranga wapya. Alipanda ngazi na kitambaa chenye maji, taa zinawaka, maana gizani angeuonaje uchafu? Mkono wa kulia ulishika nguzo ya chuma, wa kushoto ukaenda kwenye taa. Mke wake alisikia ngazi ikianguka. Jirani alimgandamiza kifua mpaka gari la hospitali likafika. Alikuwa hai, hospitali ya Chapecó, chumba cha mahututi, hajafungua macho.

"Utamwendesha Noeli mpaka kwenye banda hilo kesho alfajiri," Mzee Egon alisema. "Apime. Na hiyo taa uilete, Valmor. Uilete kabla hajafika mtu wa shirika la umeme. Yale mabanda yana waya za enzi za babu zao, unajua mwenyewe. Ndivyo ilivyo, na ndivyo itakavyosemwa." Akanisogelea. "Na yeye asiongee sana. Wewe anakusikiliza."

Safari huchukua saa nane. Tulipanda milima ndani ya ukungu, tukatokea kwenye nyanda za juu jua limeshawaka. Noeli alikuwa amepakata kisanduku cha mita kama mtu aliyebeba mayai. Nilijaribu kuwasha redio, akaizima. Karibu na Campos Novos aliuliza, "Mzee amekwambia nini?"

"Niilete taa."

"Na mimi?"

"Upime."

"Na nisiseme."

Niliongeza mwendo kana kwamba barabara ndiyo iliyouliza.

Nyumba ya Darci ilikuwa mwisho wa njia ya udongo mwekundu, mabanda mawili marefu nyuma yake, mteremko unaoshuka kuelekea mto Uruguai. Mke wake anaitwa Salete. Alitoka akiwa amevaa viatu vya mpira, uso umevimba, na kabla hata hatujajitambulisha alikuwa ameshamkabidhi Noeli kibuyu cha chai chungu ya moto wanayoiita mate, kwa sababu huko mgeni hasimami uani mikono mitupu, hata siku kama ile.

"Ninyi ndio watu wa taa?"

"Ndio sisi," nilisema. "Poleni sana, mama. Hali yake?"

"Binti yangu yuko naye. Amefungua macho asubuhi, lakini anamwita kwa jina la marehemu dada yake." Alijifuta kwa kiwiko. "Alizipenda taa zenu. Alisema huko ndani sasa ni kama kanisani, kuku hawapigani."

Noeli alikuwa ameshika kibuyu bila kunywa.

"Fundi wa jirani amekuja kuangalia," Salete aliendelea. "Anasema ni waya zetu. Banda ni la zamani. Sasa mimi..." Akaanza upya. "Mwaka jana Darci alitaka abadilishe waya zote. Ni mimi niliyemwambia aache, tuweke taa kwanza, waya mwakani. Mimi huyu. Yeye hakutaka. Nilimsumbua mpaka akakubali."

Alikuwa ananitazama mimi. Nadhani kwa sababu nilikuwa mwanamume, au kwa sababu nilikuwa nimetangulia kusema. Nilikuwa nimeagizwa maneno, nayo yalikuwa tayari mdomoni.

"Waya za zamani ni hatari, mama," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa. Alikubali pale pale, mabega yakashuka, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyokuwa anaitegemea. Nimesema uongo mwingi maishani, mwingine hata siukumbuki. Ule si uongo hata kidogo, waya za zamani ni hatari kweli, na ndio ninaoukumbuka.

"Niione taa," Noeli alisema.

Banda lilikuwa limelowa, linanuka dawa. Alikwenda kwanza kwenye meni swichi, akazima, akapima kuhakikisha. Mimi nilipanda ngazi nikaifungua ile taa, nikamteremshia. Aliiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaifungua kwa bisibisi. Mpira wa kuziba ulikuwa umesinyaa. Ndani kulikuwa na unyevu, na kibao cha vidude vya mwanga kilikuwa kimeota kijani pembeni, na ile karatasi ya kuzuia umeme ilikuwa imeliwa sehemu yenye ukubwa wa kucha. Alichukua mita. Ncha moja kwenye waya wa umeme, ncha nyingine nje, kwenye weusi tulioutengeneza.

Ikalia.

"Hiyo ni nini?" Salete aliuliza. Alikuwa ametufuata, amesimama mlangoni.

"Noeli," nilisema kwa sauti ya chini. "Tuichukue tuondoke. Tuongee na Mzee kwanza."

"Mzee atasema tuongee na mwanasheria. Mwanasheria atasema tusubiri."

"Basi tusubiri! Siku mbili. Watu ishirini na mmoja, Noeli. Mimi nimebakiza miaka sita nistaafu. Nitaenda wapi mimi na umri huu?"

"Sijui, Valmor." Alisimama. Magoti yake yalikuwa yamelowa. "Mama Salete, si waya zenu."

"Unasemaje?"

"Si waya. Hata zingekuwa mpya ingemrusha. Ni taa. Hii si plastiki kama ya ndoo. Tumechanganya ndani yake kitu kinachopitisha joto, na kinapitisha umeme pia. Ilitakiwa iungwe na waya wa ardhini. Nilijua. Niliandika, kisha nikafuta."

"Ulifuta?"

"Nilifuta mwenyewe. Kwa mkono huu."

Salete hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliangalia taa, akaangalia mkono wa Noeli, na alipoongea sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sisi tuliona ni plastiki," alisema. "Mtu anashika plastiki bila kufikiri."

"Najua."

"Darci angeona chuma angezima kwanza. Ni mwangalifu sana, Darci."

"Najua, mama." Noeli aliweka mita chini. "Wangapi huku wana taa hizi?"

"Karibu wote."

"Nani anaosha banda wiki hii?"

Salete alifikiri, na nikaona uso wake unabadilika. "Kwa Bedin wanaosha kesho. Kwa Pasqualotto..." Akatoa simu kwenye aproni. "Kwa Pasqualotto wameanza leo."

Wafugaji wa upande ule wote wana kundi moja kwenye simu, la kupeana habari za chakula na vifaranga. Salete alilifungua, akabonyeza alama ya kurekodi na kumsogezea Noeli mdomoni bila kumwangalia. Mimi nilinyoosha mkono. Naliandika hili kwa sababu lilitokea: nilinyoosha mkono kuichukua simu ile. Salete alinitazama tu, nikaurudisha.

"Ninaitwa Noeli," alisema, "naongea kutoka kwa Darci Tonello. Mimi ndiye niliyetengeneza plastiki ya taa nyeusi za mabanda. Taa ndiyo iliyomrusha Darci. Zimeni umeme wa banda kwenye meni swichi sasa hivi. Msiziguse zikiwa zinawaka, msizimwagie maji. Kuku wakikosa mwanga siku moja hawafi. Mtu wa Pasqualotto, kama uko bandani, toka. Nijibuni, tafadhali, kila mmoja, niwasikie."

Majibu yalianza kuingia. Sauti za wanaume, za wanawake, moja ikiwa na trekta nyuma. Nimezima. Tumezima. Wewe ni nani kweli? Tumezima, mwambieni Darci tunamwombea. Mmoja alimtukana tusi zito, kisha akasema naye amezima. Pasqualotto kimya. Salete alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Noeli alikuwa amesimama katikati ya lile banda tupu, kiganja mdomoni, na hakuwa anacheka. Nilihesabu dakika kumi na moja kwenye saa yangu. Kisha simu ikaita na mwanamke akasema, mbio mbio, kwamba mumewe alikuwa ndani na mpira wa maji, hakusikia simu, yeye ndiye aliyesikia ujumbe akakimbia kukata umeme, na sasa wamekaa nje wote wawili wanatetemeka, na je, wafanye nini?

"Mkae hapo hapo," Salete alimwambia. "Mkae tu."

Hatukuiondoa taa. Noeli aliiacha pale juu ya ndoo kwa ajili ya watu wa shirika la umeme, pamoja na jina lake na namba yake kwenye karatasi. Tulipokuwa tunaondoka Salete alikuja mpaka kwenye dirisha la gari.

"Nashukuru umesema," alimwambia. "Lakini usije tena mpaka nikuite."

"Sawa, mama."

Njiani simu ya Mzee Egon iliita mara saba. Mara ya nane nikapokea, nikamwambia. Kisha akasema, "Endesha polepole, kuna ukungu," akakata.

Taa zote zilirudishwa kiwandani kwa lori, kesi ikafunguliwa, na hakimu akaamuru zipimwe moja moja, mashahidi wakiwepo. Mimi ndiye niliyeshika mita, ncha moja kwenye waya wa umeme, nyingine nje kwenye mwili wa taa. Siku nne. Katika mia nne na thelathini, kumi na saba zililia. Juarez, aliyekuwa anazifungua, hakufanya mzaha hata mmoja.

Noeli alikuwa anakuja kazini kila siku wakati huo, na watu wakawa hawamsalimii. Asubuhi moja alikuta droo yake imejazwa kinywe mpaka juu, madaftari yake yote yamekuwa meusi. Nilijua ni nani aliyefanya. Sikumsaidia kusafisha. Alisafisha mwenyewe kwa kitambaa chenye maji, na baada ya hapo akaenda kwenye mashine ndogo kuendelea na unga wake mweupe. Mwezi wa sita alipata alichokuwa anakitafuta: weusi nje, weupe ndani, umeme haupiti, nyuzi sabini na nne. Alimpelekea Mzee Egon karatasi. Mzee Egon aliisoma yote, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni mwa shati. Mwezi wa tisa kiwanda kilifungwa. Alitushika mkono mmoja mmoja getini, Noeli naye, na mkono wa Noeli aliushika muda mrefu kuliko wetu.

Nilipata kazi ya mlinzi kwenye kiwanda cha mabomba. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikimwona Noeli mtaani ninavuka barabara. Siku moja mvua ilitukutanisha chini ya paa la duka la mikate, hapakuwa pa kuvukia. Alikuwa anafanya kazi kwenye maabara ya chuo, anafundisha vijana kupima. Tulizungumza habari za mama yake, habari za mgongo wangu. Nikamwuliza kuhusu Darci. Amerudi nyumbani, alisema, mkono wa kushoto haukunjiki, anasahau majina, amewauzia mashemeji kuku wake.

"Salete amenipigia jana," akasema.

"Mara ya kwanza?"

"Ya kwanza. Anasema niende Jumapili. Darci ana maswali anataka kuniuliza."

"Maswali gani?"

"Hakusema." Alikuwa ameshika mfuko wa mikate kwa mikono miwili. "Naogopa, Valmor. Nimeshakata tiketi ya basi na naogopa."

Mvua haikuwa na dalili ya kukatika. Nilimwambia asipande basi, mimi nina gari, na Jumapili siendi popote.

"Utaingia ndani," aliuliza, "au utanisubiri barabarani?"

Nilimwambia nitaingia.